Lori la Mkwe Wangu na Bwawa la Pili

Vijana, mimi nilianza kazi ya maji taka kwa kufukuzwa nikiwa na reki mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wiki yangu ya pili. Nilikuwa nimeajiriwa kukata nyasi kwenye kingo za mabwawa ya mji wetu mdogo, kando ya ziwa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Kisumu. Hakuna aliyeniambia niguse kitu kingine. Lakini nililelewa na mama aliyefagia uwanja mara mbili kwa siku, na nilipoliona bwawa la kwanza limefunikwa na utando mzito mweusi, umekauka juu kama ugali uliosahauliwa sufuriani, nilisema moyoni kwamba watu hawa ni wachafu. Nikachukua reki, nikaanza kuuvuta utando ule kuelekea ukingoni. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesafisha nusu ya bwawa, na nilijiona mfanyakazi bora.

Saa tisa mji mzima ulikuwa umeshika pua. Sokoni wauza nyama walifunga mapema. Kasisi, aliyekuwa na mazishi siku hiyo, alifupisha mahubiri, jambo ambalo waombolezaji walilikumbuka kwa shukrani miaka mingi baadaye. Mzee Wekesa, msimamizi wetu, alitoka ofisini mbio, na yeye hakuwa mtu wa kukimbia.

"Mama, nani amekutuma utoe blanketi ya bwawa?" aliuliza.

"Ni uchafu, Mzee."

"Hapa kila kitu ni uchafu. Hiyo ndio kazi yenyewe. Weka reki chini, enda nyumbani. Kesho ukuje saa moja nikufundishe, kama bado unataka kazi."

Nilirudi saa kumi na mbili na nusu. Mzee Wekesa alitoka upande wa Bungoma, mtu mrefu, mkavu, mwenye gumbuti, buti za mpira, zilizotiwa viraka vya tyubu ya baiskeli. Alikuwa amekaa katikati yetu sisi Wajaluo muda mrefu hata akajua kumwita mwanamke kwa jina la kwao alikozaliwa. Mimi ni wa Seme, basi tangu asubuhi ile akaniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, na jina likanishika hadi nilipostaafu.

Alinitembeza kwenye mabwawa yote manne. Mnayajua sasa kwa michoro na mahesabu, kwa hiyo sitawachosha. Yeye alinieleza hivi. Maji ya vyoo na jikoni ya mji yanafika kwenye chujio la vyuma, na hapo tunatoa matambara, mifupa, na siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuja kuyadai. Kisha yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, ambamo uchafu mzito unazama na kuozea chini gizani. Utando wa juu ni kifuniko cha chungu. Ukiutoa, harufu yote inatoka. Bwawa la pili ni pana na halina kina. Humo kuna mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, inayoyafanya maji kuwa ya kijani. Jua likiipiga, inatoa hewa, na vijidudu vinapata nguvu ya kula uchafu uliobaki. La tatu na la nne ni ya kupumzikia. Maji yanakaa humo siku baada ya siku, jua linaua magonjwa, na mwisho yanatoka kwa bomba lenye vali kwenda kwenye kijito. Kijito kinashuka hadi kwenye ghuba yenye mafunjo, na katika mafunjo hayo samaki wetu, ngege, wanazaa.

"Kwa hivyo sisi ndio mlango," alisema. "Nyuma yetu kuna choo ya mji. Mbele yetu kuna watu wanaoga."

Wenyeji wa lugha husema maji yakimwagika hayazoleki, na huwa wanazungumzia mambo mengine kabisa. Sisi tulilisema neno hilo kwa maana yake ya kawaida.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mainjinia wa Kisumu walikuja mara chache na sanduku la chupa, wakachota, wakaondoka, na majibu yakafika wakati maji yenyewe yameshakwenda zamani. Kwa hiyo Mzee alikuwa na sahani nyeupe ya bati, aliyoitoboa katikati na kuifunga kamba yenye mafundo. Unaishusha majini na kuhesabu mafundo mpaka isionekane. Alinifundisha rangi pia. Bwawa la pili likiwa zima lina rangi ya sukuma wiki iliyochemka kidogo. Likianza kuwa kijivu, limeshiba kupita kiasi. Likiwa jekundu, alisema, usiniulize, nenda ukatafute umelilisha nini.

Katika bwawa la nne kulikuwa na ngege. Hakuna aliyewaweka, nadhani waliletwa na ndege au na mafuriko. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, tuliwaangalia. Wakiwa chini, kazi inaendelea. Wakiwa juu wameachama, hewa majini imekwisha na kuna jambo. Tulikatazwa kuwala. Mlinzi mmoja alikaanga wawili, akasema ni watamu, na kwa mwezi mzima tulikataa kumpa mkono.

Nilikaa hapo nikajifunza. Kutoka kwa kukata nyasi nikapanda hadi kuwa msaidizi wa Mzee, mwanamke pekee kwenye mabwawa. Wanaume wa mji walinitania, na mimi nikawaambia kwamba nawajua wote kwa walichokula jana.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ile, yakaanza kuja malori ya kunyonya vyoo. Shule za bweni, hospitali ndogo na hoteli ambazo hazikufikiwa na bomba zilinyonywa mashimo yao, na mzigo ukaletwa kwetu, ukamwagwa kwenye mlango wa bwawa la kwanza. Hapo Mzee akaweka sheria moja, na kwa sheria hiyo alikuwa mkali kama askofu. Lori likifika, dereva anaulizwa ametoka wapi, kifuniko cha juu kinafunguliwa, na mmoja wetu anapanda ngazi na kunusa. Mzigo wa choo una harufu yake, hauwezi kukudanganya. Mafuta ya gereji yana yake, damu ya kichinjio ina yake. Kwenye kitabu cha lango Mzee alichora safu nne kwa rula: tarehe, gari, limetoka wapi, nani amenusa.

Watu wa chuo mtacheka. Lakini mabwawa ni tumbo. Huwezi kulizuia lisiumwe kama hujui kilichopita mdomoni.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka mmoja mwanzoni mwa miaka ya tisini, binti yangu Adhiambo aliolewa na kijana aitwaye Odongo. Kijana mzuri, mpole, na alikuwa dereva. Nilifurahi. Miezi michache baadaye akapata kazi mpya, na siku moja lori la kunyonya vyoo likaingia langoni kwetu, nami nimesimama hapo na kitabu mkononi, nikainua macho nikaona anayeendesha ni mkwe wangu.

Kama hamtoki kwetu, lazima niwaeleze. Mama mkwe na mume wa bintiye hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai karibu, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kabisa. Heshima hiyo nilikuta wazee wakiishika, nami nikaishika. Basi niambieni, mimi nimwulize mkwe wangu kinyesi hiki ni cha nani, kisha nipande ngazi na kukinusa mbele yake?

Odongo aliniona, akarudi na lori kinyumenyume mpaka barabarani. Mimi niliingia stoo ya vifaa na kujifungia. Mzee Wekesa akabaki katikati, akawa kama mshenga, akaenda kumwita dereva, akanusa yeye, akaandika yeye. Kisha akagonga mlango wa stoo.

"Nyar Seme, toka. Mkwe ameenda."

Alicheka siku tatu. Lakini aliheshimu jambo lile, kwa sababu hata kwao wana miiko yao. Tangu hapo, lori la Odongo likija, mimi nilikuwa na kazi ya ghafla upande wa pili wa bwawa la nne, na Mzee ndiye aliyenusa.

Halafu Mzee akachukua likizo ya mwezi mmoja aende kwao kupanda mahindi. Wenzetu wawili walikuwa wameazimwa kuchimba mitaro mjini. Nikabaki na ufunguo. Mzee alinitazama, akaniuliza, "Na lori ya mkwe?" Nikamjibu kwamba kila lori litanuswa. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni.

Nilichofanya ni hiki. Siku za Odongo, niliweka kiti langoni, juu ya kiti nikaweka kitabu na kalamu, na juu ya kitabu jiwe. Mimi nikaenda kukata nyasi mbali. Odongo alifika, akamwaga, akaandika mwenyewe, akarudisha jiwe mahali pake. Baadaye nilipokuja kukisoma kitabu vizuri, niliona kwamba kwenye safu ya nani amenusa alikuwa ameandika jina lake, kwa mwandiko mzuri, mara tisa.

Wiki ya pili bwawa la pili likaanza kupoteza kijani. Nikasema ni mawingu, maana mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Wiki ya tatu lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kwenye kona moja wekundu. Nikashusha sahani, ikapotea kabla ya fundo la kwanza. Ngege wa bwawa la nne walikuwa juu wameachama. Nikasema ni mvua. Mtu asiyetaka kujua ana sababu nyingi.

Mama Apiyo ndiye aliyekuja langoni. Alikuwa mwanamke wa bichi yetu ndogo ya wavuvi pale kwenye ghuba, muuza omena, wale dagaa wa ziwa, jirani wa kijito kinachopokea maji yetu. Yeye na wenzake walikichota kijito hicho kufulia na kuogesha watoto. Tuliwaambia kila mwaka wachote juu ya bomba, na kila mwaka wakatujibu kwamba juu ya bomba kuna mteremko na matope, njooni mtubebee. Sasa alikuwa na chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia.

"Nyar Seme, angalia hii maji. Imekuwa chai. Samaki ndogo zinaelea kwa mafunjo."

"Ni mvua, Mama."

"Mvua gani inanuka busaa?"

Nikaichukua chupa, nikanusa. Ilinuka pombe ya busaa kweli. Alipoondoka nilikwenda kwenye mlango wa bwawa la kwanza, pale malori yanapomwaga, mahali ambapo sikuwa nimesimama kwa wiki tatu. Saruji ilikuwa na ukoko wa kahawia unaonata kwenye gumbuti. Juu yake kulikuwa na nyuki. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye nyasi. Vijana, nilikuwa nimefanya kazi ya vyoo miaka kumi, na sijawahi kuona nyuki wakigombania choo. Ilikuwa molasi, maji machafu ya sukari kutoka kiwanda fulani kule kwenye miwa.

Sukari, mnajua, haina magonjwa. Lakini vijidudu vya bwawa vikiipata vinaila kwa pupa, na katika kula vinamaliza hewa yote. Mimea ya kijani inakufa, uchafu wa vyoo unapita mzima mzima, pamoja na magonjwa yake, mpaka kwenye bomba la mwisho. Mlango ulikuwa wazi, na mbele ya mlango kulikuwa na ghuba na watoto wakioga.

Nilifunga vali saa ile ile. Gurudumu lilikuwa na kutu, nikalizungusha kwa kutumia mpini wa jembe. Kutoka usawa wa maji hadi juu ya tuta palikuwa na mkono mmoja na nusu. Kwa mvua ile, na mji unaoendelea kwenda chooni, nilijua nina siku nane au tisa. Baada ya hapo tuta lingevunjika na yote manne yangeteremka ghubani kwa pamoja.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilipaswa kushuka bichi jioni ile ile na kuwaambia wanawake wasiguse maji yaliyokuwa yameshatoka. Sikushuka. Niliwaza kwamba wataniuliza ni nani, na jina la mkwe wangu litatembea sokoni, na Adhiambo atasikia, na watu wa kwao Odongo watasema mama mkwe amewaanika. Nikaenda nyumbani nikapika, nikala.

Kesho yake asubuhi nilipokagua kijito nilimkuta mke mdogo wa nyumba ya Mama Apiyo amechota beseni la maji yale ya chai, anamwogesha mtoto wake wa miezi saba. Mtoto alikuwa anapiga maji kwa viganja na kucheka.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilimwaga beseni. Kosa la kwanza lilikuwa la heshima, na naweza kulieleza hata leo mbele ya wazee. La pili lilikuwa la woga, na hilo ninalionea aibu. Mtoto alitoka vipele mwili mzima, akaharisha siku mbili. Alipona. Lakini kupona kwake hakukutokana na kazi yangu.

Niliwaita wanawake wote pale kwenye vichanja vya kuanikia omena. Nikasema maji ya kijito ni mabaya, yamepita kwetu bila kusafishwa, wasiyaguse mpaka nirudi kuwaambia.

"Na kosa ni ya nani?" Mama Apiyo aliuliza.

"Yangu. Lori lilileta kitu kibaya na mimi sikukagua."

"Kwa nini hukukagua? Hiyo si kazi yako?"

"Dereva ni mume wa Adhiambo."

Mwanamke mmoja mzee akaguna, akasema hiyo ni ngumu. Mama Apiyo hakuguna. Alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, akaniambia, "Sasa utakagua?"

Siku ya tatu Odongo akaja. Nilisimama katikati ya lango nikiwa na gumbuti na leso kichwani, na sikuondoka. Alisimamisha lori, akashuka kwa mlango wa upande wa pili ili nisimwone. Nami nikabaki upande wangu. Tukaongea lori likiwa katikati, kila mtu akiliambia tairi lake.

"Odongo, fungua kifuniko."

"Mama, hapana. Hiyo si heshima."

"Fungua."

"Mzee Wekesa akirudi atafungua."

"Mzee akirudi hatakuta mabwawa."

Nilisikia kifuniko kikifunguliwa, kisha nikasikia hatua zake zikienda mbali, mpaka kwenye ua wa michongoma, na akageuka akalipa lango mgongo. Nikapanda ngazi. Nikaingiza uso. Utamu ule ulinipiga mpaka kooni.

"Hii si choo," nilisema.

"Ni maji ya kiwanda ya sukari guru, Mama," alijibu kutoka kwenye michongoma. "Bosi alisema ni sukari tu. Na Adhiambo aliniambia kwa bwawa yenu kuna wadudu wanakula. Nikasema basi wacha wakule kitu tamu. Sikujua. Nilifikiri nawaletea kitu nzuri."

Nilikaa juu ya lori lile nisijue nicheke au nilie. Mkwe haendi kwa mama mkwe mikono mitupu, na huyu alikuwa amenibebea zawadi, safari tisa, lita elfu kadhaa kwa safari. Niliona huruma, na hasira pia, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ningekuwa nimepanda ngazi ile siku ya kwanza, ingekuwa safari moja, na bwawa lingeimeza bila kushtuka.

Nikamwambia arudishe mzigo ulikotoka na amwambie bosi wake achimbe shimo lake. Halafu nikamwambia aoshe tangi kwa maji mengi, mara tatu, arudi.

Alirudi mchana. Mzee alikuwa amenifundisha kwamba bwawa lililopoteza kijani linaweza kuazimwa kijani cha bwawa lingine. Kwenye kona ya mbali ya bwawa la nne, upande wa upepo, kijani kilikuwa kimebaki. Odongo akaweka bomba lake la kunyonyea pale, akajaza tangi, akazunguka, akamwaga kwenye bwawa la pili. Kisha tena. Kwa siku sita alifanya hivyo, safari kumi au zaidi kwa siku, kabla na baada ya kazi za bosi wake. Mimi nilikuwa nikielekeza kwa kunyoosha mkono, yeye akiangalia mkono tu. Wapita njia walisimama kuangalia mama mkwe na mkwe wanaosafisha bwawa bila kutazamana. Pia niliamka mapema kuliko kawaida kukoroga uso wa maji kwa kasia la mtumbwi, sijui kama kulisaidia kitu. Msiige hilo la kasia.

Siku ya sita ya vali kufungwa, sahani ilipotea kwenye fundo la kwanza. Siku ya saba, vidole viwili chini yake. Maji yalizidi kupanda. Siku ya nane mvua ilinyesha alasiri yote na nilipima kutoka maji hadi juu ya tuta kwa kiganja changu: pamebaki kiganja kimoja tu.

Asubuhi ya tisa Mzee Wekesa aliingia langoni na mfuko wa njugu begani, likizo imekwisha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na kiti na jiwe, pamoja na beseni. Hakunikatiza. Alitembea hadi bwawa la pili, akatazama, akashusha sahani mwenyewe. Fundo la pili. Rangi haikuwa ya sukuma wiki bado, lakini ilikuwa inaelekea. Kwenye la nne ngege walikuwa chini, wachache kuliko zamani.

"Ningesubiri siku tatu zaidi," alisema.

"Tuta haliwezi."

"Haliwezi," alikubali. Akasogea kando ya gurudumu la vali, akaingiza mikono mfukoni. Nilielewa kwamba hatalishika. Mimi ndiye niliyelifunga.

Nilifungua robo. Maji yakatoka ya kijani hafifu, bila povu. Nikaingiza mkono, nikanusa. Yalinuka mwani, na udongo. Niliacha robo hiyo hiyo siku nzima, polepole, ili mafunjo yapate nafasi ya kufanya kazi yao pia, maana mafunjo ni bwawa la tano ambalo hatukulijenga sisi.

Kwenye kitabu cha lango, Mzee alichora mstari chini ya zile safari tisa, akanipa kalamu. Niliandika kwamba hazikunuswa, na jina langu. Mainjinia walipokuja walisoma, nikapewa barua ya onyo, nikaihifadhi. Kuhusu mkwe wangu, wazee wa pande mbili walikaa, kuku wakachinjwa, ikasemwa kwamba kwenye lango la kazi mimi si mama mkwe. Odongo aliendelea kwenda kwenye michongoma kila nilipopanda ngazi. Hilo hatukulibadilisha.

Jioni ya siku ile ya tisa nilishuka bichi. Mama Apiyo alikuwa anageuza omena kwenye nyavu. Nikamwambia kijito kinafaa kufulia, lakini kwa kuogesha mtoto wangoje wiki moja, na kwa kupikia wasikitumie kamwe, kama nilivyosema kila mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Siku ingine utuambie mapema," alisema. "Kabla ya mtoto kuoga."

Nilimwambia nitafanya hivyo. Katika miaka yangu iliyobaki nilifunga vali ile mara mbili tena, na mara zote mbili, nilipomaliza tu kuzungusha gurudumu, nilishuka bichi bila kubadilisha gumbuti. Mara ya pili kosa lilikuwa langu tena, na hilo pia nililisema.